Matuta waliyakataa, mizani wakaikubali



Ukikaa Mwanza muda mrefu kidogo, hasa ukiwa mtu wa kuhudhuria semina na warsha, kuna sentensi utaisikia tu. Inasemwa na wataalamu, maofisa, hata na watoto wa wakulima waliokwishakwenda shule na kurudi na shahada zao: "Hawa watu wetu ni wabishi, hawapendi mabadiliko." Baada ya hapo wote wanatikisa vichwa kwa masikitiko, chai inaletwa, na mjadala umekwisha.

Leo naomba tuichukue sentensi hiyo tuipeleke mahakamani. Na mahakama yenyewe iwe historia ya huku huku kwetu, Usukuma na pwani ya ziwa, kuanzia miaka ya 1940. Nitadokeza mapema hukumu yangu. Mtu wa kawaida anapoletewa jambo jipya katika kazi yake haliangalii peke yake. Anaangalia pia nani kalileta, nani mwingine analifanya, na likiharibika nani atalipa. Sisi tuliosoma tunapenda kuamini kwamba wazo zuri linajiuza lenyewe. Wapi! Kama lingekuwa linajiuza, Waingereza wangeondoka Usukuma wakiwa mashujaa.

Tuanze na hao Waingereza.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilikuja na mradi mkubwa wa kuiendeleza Usukuma. Ulianza mwaka 1947 na makao yake yakawa Malya, sehemu ambayo leo iko wilaya ya Kwimba. Wakoloni waliona watu wanaongezeka, ng'ombe wanaongezeka, miti inakatwa na udongo unakwenda na maji. Kwa hiyo wataalamu wakakaa, wakapiga hesabu: eneo fulani la ardhi linaweza kubeba watu wangapi, ng'ombe wangapi, ekari ngapi za chakula na ngapi za pamba. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Watu waliohesabiwa ndio hawakuulizwa.

Kutokana na hesabu zile zikaja amri. Lima kwa matuta, na matuta yenyewe uyafunge, yaani katikati ya tuta na tuta weka vizuizi vidogo vya udongo ili maji ya mvua yasikimbie. Weka samadi shambani. Panda muhogo kwa ajili ya njaa. Baada ya mavuno ng'oa mabua ya pamba uyachome ili wadudu wasipate pa kujificha. Punguza ng'ombe. Usikate miti ovyo. Usihame bila ruhusa. Asiyefanya anapelekwa baraza la mtemi, anapigwa faini.

Hapa naomba tuwe waungwana. Kitaalamu, mengi katika hayo hayakuwa upuuzi. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kule Misungwi, kilikuwa kimefanya majaribio, na matuta yaliyofungwa yalionyesha kwamba yanaweza kuongeza mavuno. Kuchoma mabua ya pamba ni jambo ambalo bwana shamba wa leo bado anakuambia ufanye. Samadi nayo nani ataibishia? Kwa hiyo hatuwezi kusema mradi ulikufa kwa sababu mawazo yalikuwa mabaya. Hapo ndipo hadithi inapokuwa na faida kwetu, maana mawazo yaliyokuwa na maana yalikataliwa, tena kwa hasira.

Kwa nini?

Kwanza, kazi yenyewe. Matuta yale yalifungwa kwa jembe la mkono, na msimu wake ni ule ule ambao mvua imeanza na kila familia inakimbizana na chakula. Palizi na jembe kwa sehemu kubwa vilikuwa mikononi mwa akina mama. Lakini bwana shamba alizungumza na baba, na faini ilimfuata baba. Aliyeongezewa kazi hakuwepo kwenye mkutano. Hebu fikiria wewe ofisini kwako: unaambiwa kuna utaratibu mpya unaoongeza saa mbili za kazi kila siku, umepitishwa katika kikao ambacho hukualikwa. Utaupokea kwa vigelegele?

Pili, ng'ombe. Mtaalamu alimwona ng'ombe kama mdomo unaokula majani. Msukuma alimwona kama benki, mahari, akiba ya mwaka wa njaa na uhusiano wake na watu, maana ng'ombe wake wengine wako kwa ndugu na wa ndugu wako kwake. Unapomwambia apunguze ng'ombe unamwambia apunguze watu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni mtu aliyetumwa kuleta ujumbe. Mtemi wa zamani hakuwa dikteta. Alikuwa na wazee wake, banang'oma, ambao walikuwa na nguvu ya kumweka na hata kumwondoa. Alihusika na mvua na matambiko. Wakoloni wakamgeuza mtumishi mwenye mshahara na kitabu cha faini. Kwa hiyo kila wazo lililopita mdomoni mwake lilifika kijijini likinuka ukoloni, hata kama lilikuwa wazo la kuokoa udongo wa mkulima mwenyewe. Mtu hakuwa akijadili tuta tena. Alikuwa akijibu swali jingine kabisa: uko upande gani?

Haikuwa Usukuma peke yake. Mwaka 1955 kule Uluguru watu waliinuka kupinga matuta ya ngazi waliyolazimishwa kuchimba milimani, na mtu mmoja akauawa. Kwetu huku hasira ilijikusanya taratibu. Serikali ilikuwa imeizuia TANU kufanya kazi zake Usukuma tangu mwaka 1954, ikidhani kwamba ukifunga ofisi ya chama umefunga na midomo ya watu. Mwaka 1958 Geita ikalipuka. Serikali ilitaka kuwawekea halmashauri ya wilaya yenye wajumbe wa rangi mbalimbali ambayo wananchi hawakuitaka, na manung'uniko yote ya miaka ya amri yakapata mlango wa kutokea. Watu wa Geita wakaenda Mwanza kwa wingi wao kupeleka kilio chao, na wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Mwaka huo huo TANU ikaruhusiwa tena. Amri za matuta na ng'ombe zikafifia, na mradi wa Malya ukabaki historia.

Mpaka hapa yule ndugu yetu wa semina anaweza kusema: "Si nilikwambia? Wabishi!" Subiri kidogo, maana shahidi wa pili ndiyo kwanza anapanda kizimbani.

Miaka ile ile, wakulima wale wale, zao lile lile la pamba. Biashara ya kununua na kuchambua pamba ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara, wengi wao Wahindi wenye vinu. Mkulima alibeba pamba yake kichwani au kwenye baiskeli, akafika kwa mnunuzi, ikapimwa kwa mizani ambayo hawezi kuisoma, akapewa pesa anazopewa. Kila mtu alikuwa na hadithi ya kuibiwa. Sasa badala ya kulalamika tu, mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Kiafrika wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Kabla hujaenda kwa mnunuzi unapima kwanza kwa mtu wako, unajua una ratili ngapi, ndipo unakwenda.

Ni jambo dogo mno, lakini lilikuwa limeleta kitu kipya kazini: mkulima sasa anaamini namba, na namba hiyo imetoka kwa mtu anayemjua.

Katikati ya vuguvugu hilo alikuwepo kijana mmoja, Paul Bomani. Alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, mtoto wa mhubiri wa Kisabato, akafanya kazi ya ukarani Mwadui kwenye mgodi wa almasi, kisha akaja Mwanza kuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika. Yeye na wenzake wakazunguka vijijini, wakaanzisha chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na kutoka hapo vyama vya msingi vikaota kama uyoga. Mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Victoria Federation of Cooperative Unions. Kufikia mwisho wa mwongo ule ununuzi wa pamba yote ya jimbo ulikuwa umepita mikononi mwa ushirika, na ushirika ukaanza kumiliki vinu vyake. Ulihesabiwa kati ya vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika. Bomani mwenyewe akaja kuwa waziri, na baadaye balozi wetu Marekani.

Sasa jiulize. Ushirika ni jambo jipya kuliko tuta! Tuta Wasukuma walikuwa wanalijua tangu zamani. Kilichoongezwa ni kulifunga tu. Lakini ushirika ulikuja na leja, stakabadhi, uchaguzi wa kamati, katibu, hisa, mkutano mkuu. Ulimtaka mkulima asiyejua kusoma aache pamba yake kwa watu aliowachagua na kuondoka na karatasi. Wabishi wasiopenda mabadiliko wanakubalije kitu kama hicho ndani ya miaka michache?

Walikikubali kwa sababu kililetwa na watu wao, kikajibu kilio chao wenyewe, na matokeo yake yalionekana siku hiyo hiyo kwenye mizani. Na walikiingia pamoja. Msukuma alikuwa amezoea tangu zamani kufanya kazi kwa makundi. Kila kijiji kilikuwa na vijana wake, basumba, na kiongozi wao, nsumba ntale. Walilima mashamba ya watu kwa zamu, ngoma ikipigwa na nyimbo zikiimbwa. Ile ngoma ya bugobogobo tunayoiona siku hizi kwenye sherehe, majembe yakirushwa juu, ilizaliwa kwenye kulima. Mtu anayelima ndani ya kundi la namna hiyo anaamua mambo ndani ya kundi. Ukimpelekea wazo akiwa peke yake na kitabu cha faini juu ya kichwa chake, umemkuta mahali ambapo hajazoea kuamua.

Jambo hili si la Kisukuma tu, wala si la Kiafrika tu. Huko Iowa, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1920, ilikuja mbegu mpya ya mahindi chotara. Mbegu ilikuwa bora bila ubishi, inazaa zaidi na inavumilia ukame. Watafiti wawili, Bryce Ryan na Neal Gross, waliwahoji wakulima 259 na kuchapisha matokeo mwaka 1943. Karibu wote, isipokuwa wawili, walikuwa wameipokea, lakini iliwachukua kati ya mwaka 1928 na 1941. Wazungu hao, wenye shule, magari na magazeti! Na walipoulizwa, ilionekana kwamba habari za mbegu wengi walizipata kwa wauzaji, lakini kilichowasukuma wakaipanda ni majirani. Mwanazuoni Everett Rogers, aliyeandika kitabu mashuhuri juu ya kuenea kwa mambo mapya mwaka 1962, alikuwa mtoto wa mkulima wa huko huko Iowa. Baba yake mwenyewe alichelewa kuipokea mbegu ile, mpaka ukame wa mwaka 1936 ulipomnyausha yeye na kumwachia jirani yake mahindi yamesimama. Kwa hiyo mtu akikuambia kusubiri jirani aanze ni ushamba wa kwetu, mkumbushe Iowa.

Isitoshe, kusubiri huko mara nyingi ni akili tupu. Chukua mfano wa mtama. Ukipanda peke yako mtama unaokomaa mapema kuliko wa wenzako, kwelea kwelea wote wa kata watakuja kula kwako. Mtama ule ule, mkipanda kijiji kizima, ndege wanagawanyika na kila mtu anavuna. Mbegu ni ile ile, lakini kwa mmoja ni hasara na kwa wote ni faida. Je, huyo anayesubiri wenzake ni mjinga au ni mtaalamu wa hesabu ambayo haikuandikwa kwenye kipeperushi?

Tuvuke ziwa kidogo, twende Ukara, kile kisiwa kilicho kaskazini ya Ukerewe. Wataalamu wa kikoloni walipofika huko walishangaa. Wakara walikuwa wanafanya, bila kuamriwa na mtu, mambo ambayo serikali ilikuwa inayapigia watu faini upande wa bara. Walifuga ng'ombe ndani, wakawakatia majani, wakakusanya samadi na kuipeleka shambani. Walipanda marejea katikati ya mazao ili kurutubisha udongo. Walijenga makinga maji ya mawe kwenye miteremko. Miti ilikuwa na wenyewe. Kisiwa ni kidogo, watu ni wengi, na kila mtu anamwona jirani yake akifanya hivyo, na baba yake alifanya hivyo. Uvivu wa kutotia samadi pale ungeonekana na kisiwa kizima.

Lakini sikiliza upande wa pili. Wakara hao hao walipohamia bara, ambako ardhi ilikuwa tele, wengi waliziacha mbinu zile! Walikuwa watu wale wale, wenye ujuzi ule ule, wasiohitaji semina yoyote. Kilichobadilika ni ardhi iliyowazunguka na majirani waliowazunguka. Kwa hiyo hata elimu, ambayo sisi tunaiona dawa ya kila kitu, haitoshi peke yake. Unaweza kujua jambo vizuri kabisa na usilifanye, kwa sababu mahali ulipo halilipi na hakuna anayekutazama.

Wakati serikali inahangaika na matuta, mambo mengine mapya yalikuwa yanaenea Usukuma kimya kimya. Plau la kukokotwa na maksai lilisambaa mno katika miaka ya 1950 na 1960, watu wakilinunua kwa pesa zao za pamba. Mwenye plau alimlimia jirani kwa malipo au kwa kubadilishana kazi, na jirani akaona kwa macho yake. Kichekesho ni kwamba plau lilifanya watu wengi walime sesa, bila matuta kabisa. Mpunga nao uliingia mabondeni, kwenye mbuga, watu wakichonga majaruba ya kushikilia maji, ukaenea kutoka bonde hadi bonde bila amri wala faini. Tazama basi: mkulima aliyeitwa mbishi kwa kutofunga maji kwenye tuta la pamba alikuwa anafunga maji kwenye jaruba la mpunga, kazi ngumu zaidi, kwa hiari yake! Na mbegu mpya za pamba kutoka Ukiriguru zilimfikia kila mtu kwa sababu mbegu zilitoka kwenye vinu. Unarudi nyumbani na mbegu uliyopewa, unapanda kama kawaida, kazi haijaongezeka hata kidogo. Hakuna aliyefanya maandamano kupinga mbegu.

Sasa tuje kwenye sehemu chungu, ambayo haiwahusu Waingereza.

Tulipopata uhuru wengi walitegemea kwamba siku za amri zimekwisha. Hazikwisha. Chama kile kile kilichopata nguvu kwa kupinga kilimo cha faini kilipokaa ofisini kilianza nacho kuandika sheria ndogo za ekari za lazima. Katikati ya miaka ya 1960 ushirika ulileta matrekta, mashamba ya watu yakaunganishwa yakalimwa kwa pamoja, gharama zikatwe kwenye pamba. Mashine ilikuwa ya kisasa kweli kweli, lakini mavuno hayakufuata gharama, madeni yakabaki na mpango ukafa. Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji, na karibu na hapo kilimo cha kufa na kupona. Jina lenyewe linatosha kukueleza namna wazo lilivyokuwa linapelekwa kwa watu.

Na ushirika wetu? Ulikua haraka, makao makuu yakawa mbali na chama cha msingi, makato yakaongezeka, malalamiko ya ubadhirifu yakawa mengi. Mwaka 1966 serikali iliunda tume kuchunguza vyama vya ushirika nchi nzima, na baada ya hapo VFCU ikawekwa chini ya uangalizi. Mwaka 1968 ikageuka kuwa Nyanza Cooperative Union. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vyote. Viliporudishwa miaka ya 1980 vilirudi kwa sheria iliyotungwa juu, tofauti na vile vya mwanzo vilivyotokea kwenye mizani ya kijijini. Jambo jipya ambalo watu walilikumbatia kama lao lilikuwa limegeuka kuwa la serikali, na mkulima akalitazama kwa jicho lile lile alilomtazamia mtemi mwenye kitabu cha faini. Hata mwaka 2018 serikali ilipoelekeza pamba yote iuzwe kupitia vyama vya msingi, na msimu wa 2019 malipo yakachelewa huku bei ya dunia ikiyumba, nani alishangaa kusikia minong'ono? Kumbukumbu ya mkulima ni ndefu kuliko muda wa mradi.

Nisije nikaonekana nasema kila kinachotoka serikalini hufa. Nenda Shinyanga. Miti ya huko ilifyekwa kwa miongo mingi, kwanza katika vita dhidi ya mbung'o, halafu kwa mashamba na kuni, mpaka sehemu nyingine zikaanza kufanana na jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, tunaoujua kama HASHI. Lengo lake, ukilitazama vizuri, lilikuwa karibu sawa na lile la Malya: okoa udongo, rudisha miti. Walianza kwa mtindo uliozoeleka wa kugawa miche. Lakini baadaye wataalamu wale walifanya jambo ambalo Malya haikulifanya: waliuliza watu wenyewe wanahifadhije. Wakaambiwa habari za ngitili, yaani eneo la majani linalofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate malisho wakati wa kiangazi. Wasukuma walikuwa nalo tangu zamani. Mradi ukalishika hilo. Sheria za ngitili zikatungwa na vijiji, na aliyezivunja alijibu mbele ya dagashida, mkutano wa jadi wa wenyeji. Miaka kumi na kitu baadaye zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa ngitili, na mwaka 2002 mradi ukapata tuzo ya kimataifa ya Equator.

Huko nako faini ilikuwepo! Hapo ndipo nataka tupaangalie vizuri. Watu hawakatai adhabu wala kazi ngumu. Faini ya dagashida ilitozwa na watu ambao kesho mtazikana na kuchangiana harusi, kwa kosa ambalo mmekubaliana kwamba ni kosa, na majani yaliyookolewa wanakula ng'ombe wa kijiji. Faini ya Malya haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Najua wengi mnaosoma hapa hamlimi pamba. Mko benki, mko shule, mko kwenye mashirika, wengine ndio hao hao wanaoandika maandiko ya miradi. Lakini mfumo mpya wa kompyuta ofisini hauna tofauti kubwa na tuta lililofungwa. Bosi amerudi kutoka semina, barua imebandikwa ukutani, kuanzia Jumatatu kila mtu atafanya hivi. Wiki tatu baadaye watu wanajaza mfumo kwa ajili ya bosi, na kazi yenyewe inaendelea kwenye daftari lile la zamani lililofichwa kwenye droo. Halafu tunasema wafanyakazi wa Kitanzania hawapendi teknolojia, wakati watu hao hao walijifunza kutuma pesa kwa simu bila kupelekwa semina hata moja. Nani aliwafundisha? Dada wa kibandani, shemeji, jirani wa kiti cha daladala.

Kwa hiyo yule ndugu wa semina akisema tena "watu wetu ni wabishi", tumuulize maswali ambayo Malya hawakujiuliza. Aliyeleta wazo hili ni nani machoni pa watu? Kazi inayoongezeka inamwangukia nani, na je, huyo alikuwepo kwenye kikao? Likishindikana nani anabaki na deni? Na kuna hata jirani mmoja ambaye ameshalifanya, tukaenda kumtazama? Kama hana majibu, basi mbishi ni yeye, maana historia imemwambia jambo hilo hilo kwa zaidi ya miaka sabini naye hataki kubadilika.